Dawa ya Sifongo Mlimani

Wanangu mnaosomea uuguzi, mlipokuja kwangu na viatu vyenu vya raba visivyopiga kelele, mliniuliza: "Bibi, kazi yako ilikuwaje?" Nikawamiminia chai, nikasema ilikuwa nzuri. Mlipoondoka nilibaki barazani nikitazama ukungu ukishuka kutoka msitu wa Magamba, nikaona nimewadanganya. Ilikuwa nzuri, ndiyo. Ila ilikuwa na uzito, na uzito wenyewe hadi leo umekaa magotini, hapa, unanisubiri kila ninapotaka kusimama. Basi leo nawaandikia yale niliyoyamezea chai.

Yule mrefu kati yenu alisema siku hizi kuna dawa za kansa zilizotokana na viumbe wa baharini, akazungumza kama mtu anayenifungulia dirisha. Mwanangu, sindano ya dawa ya namna hiyo niliichoma kabla mama yako hajazaliwa, kwa bomba la kioo nililolichemsha kwenye sufuria, juu ya kuni mbichi zilizonitoa machozi. Jina lake sitarabini. Sisi tuliita dawa ya sifongo.

Zahanati yetu ilikuwa njia ya Magamba, chini kidogo ya msitu. Vyumba viwili, kabati moja, na benchi refu ambalo wagonjwa walikuwa wakilipasha joto tangu alfajiri. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Sabuni ilikuwa adimu, pamba tuliigawa kwa vidole, na Land Rover ya wilaya ilikuwa na afya nzuri kabisa ila haikuwa na petroli. Mkuu wetu alikuwa Mzee Hoza, mganga msaidizi, mtu mfupi mwenye koti la kaki na kalamu tatu mfukoni, moja tu ikiandika. Nilipomuuliza zile mbili ni za nini, alijibu, "Ni za heshima."

Mzee Hoza alizaliwa upande wa Kwamkoro, ambako tangu enzi za Wajerumani ilipandwa miti ya kwinini. Alikua akiona magome yake yakianuliwa, akajua tangu mtoto kwamba msitu unaweza kumtoa mtu homa. Kanuni yake ya kwanza kwangu, siku niliyoripoti kazini nikiwa na sketi iliyonyooshwa hadi inasimama yenyewe, ilikuwa hii, naye alikuwa ameiandika hata ukutani: "Nesi, huku juu ni baridi, mbu wa malaria ni wachache. Homa ikipanda mlima, imetoka bondeni. Usiulize mara mbili. Toa klorokwini, toa aspirini, mfunike mtu wako."

Msicheke. Kanuni ile iliokoa watu wengi. Vijana waliokwenda kukata mkonge Korogwe, kina mama waliokwenda kuuza peasi na plamu Tanga, wote walirudi wakitetemeka, nasi tuliwafunika wakapona. Niliitumia mpaka mkono wangu ukaijua kuliko kichwa. Hapo ndipo pa kuangalia, wanangu. Mkono unapojua kuliko kichwa, kichwa huanza kusinzia.

Naomi alikuwa mkulima wa kabichi na maharage, mke wa Yonasi, fundi wa kupasua mbao. Mtu wa maneno machache na macho makali. Kanisani alikaa safu ya tatu, na mchungaji akikosea namba ya zaburi, alimtazama Naomi kwanza. Alianza kwa kuchoka, kisha fizi zikatoka damu, kisha madoa ya zambarau miguuni. Wilayani walimtoa damu, fundi wa maabara akainama kwenye darubini muda mrefu mno. Wakampeleka Dar es Salaam. Kansa ya damu.

Alirudi baada ya miezi, amepungua nusu, ila anatembea. Alishuka kwenye basi la Mombo akiwa amekumbatia boksi dogo lililofungwa kwa kitambaa, kama aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na vichupa vya unga mweupe na barua ya daktari. Barua ilisema ugonjwa umelala, haujafa. Ili usiamke, achomwe sindano chini ya ngozi, mara mbili kwa siku, siku tano, apumzike wiki tatu, kisha tena. Duru sita. Kati ya duru na duru kulikuwa na maagizo marefu kuliko dawa yenyewe.

Mzee Hoza aliisoma barua mara tatu, akatufafanulia, mimi, Naomi na Yonasi. "Wataalamu walichunguza sifongo mmoja wa baharini, huko upande wa Amerika. Mnajua sifongo? Mnyama asiye na miguu wala macho, amejishika mwambani, kazi yake kunywa maji na kuyatema. Wakaona ndani yake kuna kitu kinachofanana na chakula cha chembe za mwili, lakini si chakula. Wakajifunza kutengeneza chao maabara, kwa mfano wa kile. Chembe ya kansa inakula kwa pupa. Ikikila hiki, inashindwa kuzaa."

Naomi akauliza, "Na chembe zangu nzuri hazili?"

Mzee Hoza alivua miwani. Hilo swali mimi sikuwa nimelifikiria. "Zinakula. Zile zinazozaliana upesi. Za mdomoni, za tumboni, za kwenye uboho wa mifupa ambako damu hutengenezwa. Ndiyo maana utatapika, utatoka vidonda mdomoni, na siku kama ya kumi hivi, askari wako wa damu watakuwa wachache."

"Mgambo wamekwenda likizo," akasema Yonasi.

"Likizo bila kuaga," akasema Mzee Hoza.

Naomi hakucheka. Alisema, "Bwana Mganga, mimi nina jambo moja tu. Binti yangu Eva ana miaka saba. Mama yangu alikufa nikiwa na saba, nimesahau sauti yake. Nataka Eva anijue sauti. Nionyesheni nifanye nini, nitafanya."

Nikampa kipimajoto cha zahanati, kimoja kati ya viwili tulivyokuwa navyo, na daftari la shule la kurasa chache. Apime asubuhi na jioni, aandike. Mimi nami nikaandika kwa mkono wangu karatasi ndogo, nikaibandika kwenye boksi la dawa kabatini: *Naomi. Homa ni hospitali, siku hiyohiyo. Aspirini marufuku.* Nikaitazama, nikajisifu kwa mwandiko.

Duru ya kwanza ilitufundisha mengi, na haya yachukueni bure. Sindano ya kuzuia kutapika hutangulia, haifuati. Nusu saa kabla. Mtu akishaanza kutapika, umechelewa. Harufu ni adui kuliko chakula chenyewe. Tulimwambia Yonasi kitunguu kikaangwe nyuma ya nyumba ya jirani, na jirani akalalamika kwamba sasa yeye ndiye anayesikia njaa. Uji wa moto ulimshinda, lakini uji uliopozwa kwenye sufuria iliyotiwa katika maji ya chemchemi ulishuka. Vijiko vitatu, pumzika, vijiko vitatu. Vidonda vya mdomo, maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, asukutue kila baada ya kula, na mswaki wa mti uwekwe kando, asafishe kwa kitambaa laini kilichochemshwa. Pilipili hapana. Plamu na peasi za mtini hapana, mpaka zioshwe, zimenywe, zipikwe. Ulipochoma sindano, bonyeza hapo kwa pamba mpaka uchoke, kisha endelea kubonyeza.

Gumu kuliko yote lilikuwa wageni. Mnajua kwetu. Mtu akiugua, kutokwenda kumwona ni sawa na kumtakia mabaya. Nyumba ya Naomi ilijaa tangu asubuhi, kila mmoja anamshika mikono yote miwili, kila mmoja ana kikohozi cha ukungu wa Juni. Nilijaribu kueleza habari ya vijidudu. Bibi mmoja akaniuliza, "Wewe Nesi, wewe huna vijidudu? Mbona unaingia?"

Aliyenitoa hapo ni Balozi wa nyumba kumi, Mzee Shemdoe, mtu mwenye sauti ya mkutano hata akiomba chumvi. Aliweka gogo uani, hatua kumi kutoka mlangoni. "Kuanzia leo," akatangaza, "salamu zinaishia kwenye gogo hili. Atakayelivuka atalima shamba la kijiji siku mbili za ziada." Basi ikawa watu wanasimama nyuma ya gogo, wanapaza sauti wakiamkia kwa Kisambaa, "Onga makeo, Naomi!", naye anaitikia dirishani. Watoto wanapiga shikamoo kwa kelele kama wanafukuza nyani shambani. Kina mama wa kanisani walikaa juu ya gogo lenyewe wakaimba. Naomi aliniambia hajawahi kusalimiwa vizuri namna ile. Walipomshika mikono, alisema, walikuwa wakimtazama mgonjwa. Sasa walikuwa wakimwita yeye.

Nimechoka kidogo, lakini sasa nimefika penyewe, na nikiahirisha sitaandika.

Duru ya pili, siku ya kumi na moja. Siku ya kliniki ya watoto. Benchi limejaa, Mzee Hoza yuko kwenye mkutano wa kijiji, mimi peke yangu tangu asubuhi sijanywa hata maji. Naomi akaja na Yonasi, kwa miguu, amejifunga shuka mbili. Kipimajoto kilisema thelathini na tisa na nusu. Alikuwa anatetemeka hadi meno yanagongana.

Majuma mawili kabla ya hapo alikuwa amekwenda Dar es Salaam kuonwa na daktari wake, akalala huko siku tatu.

Nikamuuliza, "Mbu walikuuma huko?"

"Waliniuma."

Mkono wangu ukaenda kabatini wenyewe. Kopo la klorokwini liko mbele. Kopo la aspirini liko kando yake. Boksi la sifongo, na karatasi yangu, liko rafu ya chini, nyuma ya chupa ya dawa ya kikohozi.

Naomi akasema polepole, "Nesi, si nilikuwa nimeambiwa homa ni…"

Nikamkatiza. Wanangu, nilimkatiza. "Umetoka bondeni juzi tu, mama. Hii ni malaria. Meza hizi, nenda kajifunike."

Akanitazama kwa yale macho ya safu ya tatu. Kisha akameza, kwa sababu mimi ndimi niliyevaa nguo nyeupe.

Mzee Hoza aliporudi, nilimpa taarifa ya siku. "Naomi, homa, amepewa klorokwini na aspirini."

"Vizuri," akasema. "Homa ikipanda mlima…" Akaendelea kuning'iniza koti lake. Hakushtuka hata yeye. Kanuni ilikuwa imetulaza wote wawili kitanda kimoja.

Kesho yake asubuhi mtoto mmoja alikuwa na kikohozi. Nikainama, nikaitoa ile chupa rafu ya chini, na nyuma yake nikakutana na mwandiko wangu. Mzuri, wa duara, umenyooka. *Homa ni hospitali, siku hiyohiyo. Aspirini marufuku.*

Chupa niliiacha sakafuni. Nilipanda njia ya kwa Naomi nikiwa nimevaa aproni, mbio, mimi ambaye hata ujana wangu sikuwa mtu wa mbio.

Nikamkuta Naomi ameketi kwenye kigoda, anachambua maharage. Amechangamka. Yonasi akanipokea kwa mikono miwili, "Nesi, dawa yako imefanya kazi! Homa imekwisha!" Kipimajoto kilisema thelathini na saba. Hapo ndipo ningeweza kurudi, wanangu. Kila kitu kiliniruhusu kurudi. Ila pembeni ya pua yake palikuwa na mstari mwembamba wa damu iliyokauka, na nilipomshika mkono ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni, na mshipa ulikuwa unakimbia mbele ya saa yangu. Aspirini ilikuwa imeifunika homa kwa blanketi. Chini ya blanketi, nyumba inaungua. Tena aspirini yenyewe huzuia damu kuganda, na yeye vigandisha damu vyake sifongo ilikwisha kuvipunguza.

Nikapiga magoti mbele ya kigoda. "Mama Eva, jana nilikosea. Hukuwa na malaria, au hata kama unayo, siyo ya kuanza nayo. Askari wako hawapo na kuna kitu kimeingia kwenye damu. Tunakwenda hospitali sasa hivi."

Yonasi akasema, "Jana ulimwambia ameze. Leo unasema umekosea. Kesho utasema nini?"

"Kesho niulize akiwa hai."

Naomi akaweka ungo chini. "Mghosi," alimwambia mumewe, "lete shuka."

Barabarani palipita lori la mbao likishuka kutoka msituni. Balozi alikwisha simama katikati ya njia na mikono imetandazwa.

"Mzee, nimebeba magogo!" dereva akapiga kelele. "Ratiba yangu imeandikwa!"

"Lori hili ni la nani?"

"La umma."

"Na huyu mama ni nani?"

Dereva akachungulia dirishani, akamwona Naomi.

"Huyu ndiye umma. Magogo hayana homa. Shusha mawili, tupate pa kumlaza."

Hospitalini fundi wa maabara alihesabu chembe nyeupe kwa kuhamisha punje za maharage kutoka sahani moja kwenda nyingine, kila chembe punje moja, ili asipotewe na hesabu. Nilisimama nyuma yake. Sahani ya pili ilibaki karibu tupu. Akageuka akaniambia, "Dada, humu hamna watu." Tukaanza penisilini na jentamaisini kwa mshipa saa ileile. Daktari wa zamu alitaka kuongeza kloramfenikoli, nikamwonyesha ile barua ya Dar es Salaam, kwamba hiyo nayo huupiga uboho. Safari hii niliisoma barua kwa sauti, neno kwa neno, kidole juu ya mstari.

Siku nne hatukujua kama atapona. Eva aliletwa akasimama nje ya dirisha la wodi, kwa sheria ya gogo, mama yake akamwita jina kwa sauti isiyofika popote. Siku ya tano shuka zikalowa jasho, jasho zuri. Siku ya nane punje zikaanza kuhamia sahani ya pili.

Mzee Hoza alikuja kumwona akiwa amevaa tai. Tulipotoka nje aliegemea ukuta, akanitolea mojawapo ya kalamu za heshima, akanipa. "Nilikufundisha nusu," akasema. "Ile miti ya kwinini ilinilea, nikadhani homa zote ni za ukoo mmoja. Andika kwenye ukuta wa zahanati, chini ya kanuni yangu: *uliza, ametoka wapi, na amemeza nini.*" Kalamu haikuandika, bila shaka. Niliporudi zahanati nikaandika kwa mkaa.

Naomi alikataa duru ya tatu. "Hilo sifongo lenu," aliniambia, "limenifyonza hadi nimebaki ganda." Sikumbembeleza. Sikuwa na uso wa kumbembeleza. Majuma mawili baadaye alikuja mwenyewe, akanyoosha kidole kwenye boksi kabatini. "Nitazichoma zilizobaki. Ila sharti moja. Nikianza kusema, usinikatize."

Sijamkatiza mgonjwa tangu siku ile. Wenzangu walinisema kwamba foleni yangu haiendi, na kweli haikwenda. Ndiyo sababu mojawapo ya magoti haya.

Alimaliza duru zote. Ugonjwa ulilala miaka mitano, akaezeka nyumba ya bati, akamsuta mchungaji mara nyingi, akalima. Kisha uliamka, na safari hiyo vichupa havikupatikana, wala petroli, wala dola za kuagizia. Alikufa nyumbani, na watu walilivuka gogo siku hiyo, wote, na Balozi hakumlimisha mtu. Eva alikuwa na miaka kumi na tatu. Sauti aliijua. Hata leo akiwaita ng'ombe wake huko juu, mimi husimama.

Baada ya msiba Eva alishuka zahanati na furushi dogo. "Shikamoo, Nesi. Mama alisema vitu vya serikali virudishwe." Ndani mlikuwa na kipimajoto, kimefungwa kwenye kitambaa laini kile cha kusafishia kinywa, na lile daftari. Kipimajoto nilikirudisha kabatini. Daftari nililiiba. Ndicho kitu pekee nilichowahi kukiiba kazini, na ninakiri.

Niliogopa kulifungua kwa muda mrefu. Nilijua ukurasa gani unanisubiri. Nilipofungua, hakukuwa na lawama wala alama ya kushangaa, bali mwandiko wa mtu aliyesoma darasa la nne na hakusahau chochote:

*Siku ya 11. Asubuhi 39 na nusu. Nesi amesema malaria.*

*Siku ya 12. Asubuhi 37. Nesi amekuja mbio hana viatu. Amesema amekosea. Nimempenda.*

Kuhusu viatu sikumbuki. Lakini yeye alikuwa akiandika alichokiona, na mimi siku hizo sikuwa nikiona vizuri. Hivyo namwamini.